Fumbo la alama za breki: kuficha kikasha Tanga kwa hesabu za ajali

Toleo la kwanza la fumbo hili, la mchezo wa kutafuta vikasha kwa GPS uitwao jiokeshi, lilijaribiwa na watu watano kabla ya kuwekwa hadharani. Wote walipewa karatasi ileile yenye mchoro wa ajali, urefu wa alama za breki na fomula. Yakarudi majibu matano: 074, 065, 064, 022 na 248. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Hizo zilikuwa tarakimu tatu za mwisho za longitudo, na huku Tanga kila hatua moja ya tarakimu ya mwisho ni kama mita 1.85 ardhini. Kati ya jibu la kwanza na la pili kuna mita 16 na kitu, ambazo mtafutaji mvumilivu anaweza kuzimaliza kwa macho. Kati ya la kwanza na la mwisho kuna mita 320 kuelekea mashariki. Kwa kikasha kilichofichwa jirani na ufukwe wa Raskazone, mita 320 mashariki ni majini.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: jiokeshi ni kuficha chombo chenye daftari dogo, kutangaza koordineti zake, na wengine wakifuate kwa GPS, watie sahihi, wakirudishe palepale. Ulianza Mei 2000. Tarehe 2 mwezi huo Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini kule Oregon ili kuupima usahihi mpya. Vikasha vya fumbo vinatofautiana na vya kawaida kwa jambo moja: nukta inayoonekana kwenye ramani ni ya bandia, na ya kweli inapatikana kwa kufumbua. Kwa kanuni za mtandao mkuu wa mchezo huu, nukta ya kweli isizidi maili 2, yaani kilomita 3.2, kutoka ile ya bandia, na vikasha viwili visikaribiane chini ya mita 161. Hakuna kuchimba shimo, na mwenye eneo lazima aridhie.

Tulichagua hesabu za wachunguzi wa ajali za barabarani kwa sababu ni fizikia ya kidato cha nne yenye sura ya upelelezi. Msingi wake ni mfupi. Gari linalokwenda lina nishati ya mwendo, ½mv². Matairi yakigoma kuzunguka, msuguano unaila nishati hiyo, μmgd (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), mpaka gari lisimame. Uzito unajifuta pande zote mbili, inabaki v² = 2μgd. Ukitaka spidi ya kilomita kwa saa moja kwa moja, chukua kipeuo cha pili cha 254 × μ × d, ambapo d ni urefu wa alama kwa mita na μ ni kiwango cha msuguano. Hiyo 254 ni 2 × 9.81 × 3.6 × 3.6, ikikatwa kidogo. Vitabu vya Marekani vina 30 mahali hapo, kwa kuwa wao wanapima futi na maili. Anayenakili ile 30 kisha akaingiza mita anapata gari la spidi 22 lililoburuza matairi karibu mita 27, na bado asishtuke.

Sasa yale majibu matano. Mchoro ulionyesha Noah ya zamani isiyo na ABS, yaani breki zinazozuia matairi kugoma (kumbuka hilo, tutalirudia), ikiburuza matairi mita 18 kwenye lami yenye μ 0.70, kisha mita 9 kwenye mchanga wa kando wenye μ 0.45. Jumla ya μd ni 12.6 + 4.05 = 16.65. Fumbo liliomba spidi kwa mita kwa sekunde, desimali tatu, na desimali hizo ndizo zilikuwa tarakimu za longitudo. Aliyetumia g ya 9.81 alipata 18.074. Aliyetumia 9.8 alipata 18.065. Aliyepitia 254 kisha akagawa kwa 3.6 alipata 18.064. Aliyeikariri fomula kwa umbo lake la mkato, 15.9 mara kipeuo cha μd, kisha akagawa kwa 3.6, alipata 18.022. Na aliyesoma sekondari ya hapa nchini, ambako mtihani unakwambia chukua g kuwa 10, alipata 18.248, akaenda zake baharini. Huyo wa mwisho ndiye aliyekasirika kuliko wote, na alikuwa na haki.

Kosa lilikuwa letu. Tulichukua kipimo chenye asili ya makadirio tukakidai desimali tatu. Mchunguzi wa kweli hafanyi hivyo. Alama ya mita 25 kwenye lami kavu, ukikubali kwamba μ inaweza kuwa popote kati ya 0.65 na 0.75, inakupa spidi kati ya 64 na 69, na mtaalamu mwaminifu ataandika hivyo hivyo: kati ya 64 na 69. Tena ataongeza kwamba hicho ni kiwango cha chini, kwa kuwa gari lilishaanza kupunguza mwendo kabla tairi halijaanza kuandika lami. Kikasha hakiwezi kukaa kati ya nukta mbili. Kazi ya mtunga fumbo, basi, ni kupanga vipimo ili njia zote halali, hata zile za kizembe kidogo, ziangukie nambari nzima moja.

Tulivyorekebisha ni hivi. Jibu likawa spidi ya kilomita kwa saa, bila desimali. Kisha alama ya lami ikapunguzwa sentimita 20, ikawa mita 17.8. Inaonekana ni upuuzi, lakini itazame. μd sasa ni 12.46 + 4.05 = 16.51. Kwa g ya 9.81 unapata 64.79. Kwa 9.8, 64.76. Kwa 15.9 ya mkato, 64.61. Kwa g ya 10, 65.42. Zote zinakuwa 65. Kwa mita 18 za mwanzo, mwenye g ya 10 angepata 65.69, akaandika 66, akapotea. Ukitunga fumbo la aina hii, andaa jedwali la Excel lenye safu moja kwa kila njia ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuitumia, halafu chezea vipimo mpaka safu zote zikubaliane. Ilituchukua jioni tatu, na ndiyo kazi yenyewe. Mchoro na hadithi ni mapambo.

Kabla ya kwenda mbele, neno kuhusu μ, maana watu huichukua kwenye jedwali kama bei ya sukari. Inapimika. Tulichukua kipande cha tairi lililoisha, tukalijaza zege, tukapachika ndoano mbele, likakaa kilo 15. Ndoano hiyo tukaifunga kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, tukaburuza kwenye uwanja wa lami usiopita magari. Mizani ilisoma kati ya kilo 10 na 11. Gawa kwa 15 unapata 0.67 mpaka 0.73. Tulipomwaga maji ilishuka mpaka kilo 8, yaani 0.53. Makosa yapo matatu. La kwanza ni kusoma mizani wakati tairi linang'oka. Hapo mshale unaruka juu, na hiyo siyo nambari unayoitaka. Soma likiwa linatembea. La pili ni kuvuta kwa kuinua mkono: unabeba sehemu ya uzito na msuguano unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kamba iwe sambamba na ardhi, hata kama mgongo utalalamika. La tatu ni mchanga: tairi linasukuma rundo mbele yake, na mizani inasoma msuguano pamoja na rundo. Ndiyo maana 0.45 ya mchanga wa kando tuliipanga wenyewe, tukaiandika kwenye fumbo, hatukumwachia mtu apime. Gharama ya kifaa chote haikufika shilingi 40,000, na kubwa humo ilikuwa mizani.

Hatua ya pili ya fumbo ndiyo inayoangusha wengi, hata walimu. Ukijua gari lilipoteza spidi fulani kwenye lami na nyingine kwenye mchanga, hujumlishi spidi. Kwenye lami peke yake, alama ya mita 17.8 inatoa 56.3. Kwenye mchanga peke yake, mita 9 zinatoa 32.1. Ukizijumlisha unapata 88.4, na mwenye Noah anafungwa kwa spidi ambayo hakuwa nayo. Kinachojumlishwa ni nishati, na nishati inakwenda na spidi iliyozidishwa kwa yenyewe: 56.3 × 56.3 jumlisha 32.1 × 32.1, kisha kipeuo. Unarudi kwenye 65 ileile.

Rasimu moja ya mchoro ilikuwa na alama nne, moja kwa kila tairi, za urefu tofauti, kwa kuwa ndivyo barabara inavyokuwa. Mmoja alichukua wastani, mwingine ndefu kuliko zote, na wa tatu akauliza swali zuri: je, tairi la nyuma lilipita juu ya alama ya tairi la mbele? Kama lilipita, ukipima kutoka mwanzo wa alama ya nyuma hadi liliposimama tairi la mbele, umeongeza urefu wa kati ya ekseli mbili, ambao kwa gari la namna hiyo ni mita 2.8 hivi. Tulifuta alama zote nne. Toleo la sasa linasema tu: "kila tairi liliburuzika mita 17.8." Uhalisia ni mtamu, lakini kila chembe yake ni njia moja zaidi ya jibu kupotea.

Na ile ABS. Kwenye rasimu ambayo hatukuitaja, mjaribuji mmoja, fundi wa magari, alikataa kuendelea. Gari lenye ABS haligomi matairi, linayaachia na kuyakamata mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo haliachi mstari mweusi unaoeleweka. Kwake fumbo zima lilikuwa uongo. Maneno matatu, "isiyo na ABS", yalimrudisha mezani.

Baada ya kuburuzika, Noah inagongana na kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, kwenye makutano ya kubuni. Noah, kilo 1,600 pamoja na abiria, inaelekea mashariki. Kirikuu, kilo 890 na mzigo wake, inatoka kusini kwenda kaskazini. Zinashikana, zinateleza pamoja mita 10 kwa μ ya 0.60, zikielekea nyuzi 30 kutoka mashariki kuinamia kaskazini. Hapa ndipo momenta inaingia (uzito mara spidi, ambayo jumla yake haibadiliki magari yakigongana), na msuguano unabaki wa kutoa spidi ya baada ya kugongana tu: kipeuo cha 254 × 0.60 × 10, yaani 39. Spidi hiyo igawe kwa pande mbili. Upande wa mashariki ni 39 × kosaini 30, yaani 33.8, hiyo yote ililetwa na Noah, kwa hiyo zidisha kwa 2,490 (uzito wa magari yote mawili), gawa kwa 1,600, unapata 53. Upande wa kaskazini ni 39 × saini 30, yaani 19.5, ililetwa na kirikuu, kwa hiyo zidisha kwa 2,490, gawa kwa 890, unapata 55.

Uzito wa 890 nao ulitafutwa kwa Excel kama zile sentimita 20. Kwa kirikuu ya kilo 900, anayetumia g ya 9.81 angepata 54 na mwenye g ya 10 angepata 55. Kilo kumi tu.

Makosa ya hatua hii yana raha yake kwa sababu yanajitangaza. Anayebadilisha saini na kosaini anapata Noah ya spidi 30 na kirikuu ya 95. Kirikuu yenye mzigo, spidi 95, katikati ya mji wenye ukomo wa 50? Asimame hapo ajiulize. Kosa baya zaidi ni la Excel yenyewe: ukiandika COS(30) haikupi kosaini ya nyuzi 30, inakupa ya rediani 30 (kipimo kingine cha pembe), ambayo ni 0.154. Saini ya rediani 30 ni hasi 0.988, na kirikuu inageuka kuwa inakwenda kinyumenyume kwa spidi 108. Andika COS(RADIANS(30)). Vikokotoo vya simu navyo vina kitufe hicho cha nyuzi na rediani, na mara nyingi kimejificha.

Sasa unajua Noah iligonga kwa 53, na kabla ya hapo ilipoteza nishati ya spidi 65 kwenye lami na mchanga. Ilianza na ngapi? Kipeuo cha 65 × 65 + 53 × 53 ni 83.87, yaani 84. Lakini yule asiyekata desimali njiani, aliyebeba 64.79 na 52.64 kwenye kikokotoo mpaka mwisho, anapata 83.48, yaani 83. Wote wawili wako sahihi. Tulihangaika na hili kuliko jambo lingine lolote, maana kila tulipochezea kipimo kurekebisha hapa, kitu kilivunjika kule. Mwishowe tukafanya mambo mawili. Tukaandika sentensi kwa herufi nzito: kila spidi iwe nambari nzima kabla hujaitumia hatua inayofuata. Na kwa kuwa tunajua watu hawasomi herufi nzito, nambari hii tukaipa uzito mdogo kwenye koordineti. Nitaeleza.

Gari la tatu ni teksi iliyokwepa ajali kwa kukata kona. Haikufunga breki, ilisererekea ubavu. Alama ya namna hii siyo ya breki. Imepinda, na ukiiinamia utaona ndani yake vijistari vya mshazari, tofauti na alama ya breki ambayo vijistari vyake, kama vipo, vinafuata urefu wa alama. Hapa unahitaji nusu kipenyo cha mpindo. Nyoosha kamba kutoka ncha moja ya sehemu ya alama hadi nyingine, uite C. Katikati ya kamba pima umbali mpaka kwenye alama, uite M. Nusu kipenyo ni C × C gawa kwa 8M, jumlisha nusu ya M. Kwenye fumbo C ni mita 18, M ni mita 0.65: 324 gawa kwa 5.2 ni 62.3, ongeza 0.325, jumla 62.6. Spidi ni kipeuo cha 127 (nusu ya ile 254) × 62.6 × 0.70, yaani 75. Anayesahau ile nusu ya M anapata 74.43, anaandika 74.

Tulipoijaribu kamba hiyo uwanjani, kwa mpindo tuliochora kwa chaki, tuliona M ilivyo na kiburi. Kosa la sentimita 5, kusoma 0.60 badala ya 0.65, linageuza spidi kuwa 78. Upana wa tairi wenyewe unazidi sentimita 5 mara kadhaa, kwa hiyo kama ncha mbili umepimia ukingo wa nje wa alama na katikati ukapimia ukingo wa ndani, umeshakosea. Chagua ukingo mmoja ubaki nao.

Nambari tano zimetimia: A ni 65, B ni 53, C (siyo ile ya kamba) ni 55, D ni 84, E ni 75. (Za fumbo lililopo nje siyo hizi, hapa tumezibadilisha, asihangaike mtu.) Desimali za latitudo ni 10A toa C, yaani 595. Za longitudo ni 9E toa D, yaani 591. Kuzidisha kwa 10 na kwa 9 kuna makusudi. Anayekosea A kwa moja anasogea hatua 10, mita 18. Anayesahau nusu ya M anasogea hatua 9, mita 16 na nusu. Anafika, haoni kitu, anajua kwamba amekosea. Lakini D, ile yenye utata wa 83 au 84, haikuzidishwa na chochote. Tofauti yake ni mita 1.85, na GPS ya simu chini ya mwembe inayumba zaidi ya hapo. Nambari usiyoiamini ipe kazi ndogo.

Tuliongeza jumla ya kuhakiki: A + B + C + D + E ni 332. Mtu akipata 331 anajua kuna moja imepungua, na wengi hukimbilia nusu ya M wenyewe bila kuuliza. Hiyo pekee ilipunguza ujumbe wa "nisaidie kidogo" karibu wote.

Halafu kuna janga la umbizo. Mchezo huu unaandika nyuzi na dakika zenye desimali tatu: S 05° 04.595. Ramani za simu zinapenda nyuzi tupu zenye desimali, na kusini mwa ikweta zinataka alama ya kutoa mbele. S 05° 04.595 ni -5.07658, kwa kuwa 4.595 inagawiwa kwa 60. Anayeandika -5.04595 amekwenda kilomita 3.4 kaskazini, upande wa ghuba. Na anayesahau alama ya kutoa yuko nje ya nchi kabisa. Kusini mwa ikweta, nambari ya latitudo ikikua unakwenda kusini. Watu waliojifunzia mchezo huu Ulaya huenda kinyume mara ya kwanza. Nafuu yetu ni kwamba huku karibu na ikweta hatua ya latitudo na ya longitudo zinalingana, mita 1.84 na 1.85. Kule kwao kadiri unavyopanda kaskazini, ya longitudo inasinyaa.

Kwenye kuficha kikasha chenyewe tulifanya kosa lisilo la hesabu. Kopo la kwanza lilizungushiwa mkanda mweusi likawekwa kwenye pango la shina la mbuyu. Tulikuwa na kibali cha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, lakini mlinzi wa jirani hakuwa na habari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanangu, hicho mnachokifukia hapo mnamfungia nani?"

Hakuwa anatania. Kitu kilichofungwa mkanda mweusi, ndani yake karatasi yenye majina ya watu, chini ya mbuyu: mtu yeyote wa pwani angeuliza hivyohivyo. Mibuyu mingine ina wenyewe, watu huacha ubani na vitambaa vyekundu, kama wanavyofanya ndani ya Mapango ya Amboni. Tulihamisha siku hiyohiyo. Sasa tunatumia kopo linaloonyesha ndani, lina maandishi ya Kiswahili juu yake yanayosema ni mchezo na halina thamani, na halikai kwenye mbuyu, msikitini, kaburini wala karibu na shule. Mlinzi ndiye wa kwanza kujulishwa, kisha mwenyekiti.

Halikai kando ya barabara pia. Ilikuwa inavutia kulificha kwenye kona halisi, kwenye njia ya kwenda Segera, ili mtu apime alama za kweli. Lakini mtu aliyeinama na utepe kando ya lami huku mabasi yanapita ni ajali inayosubiri saa yake. Na hatukutumia ajali iliyotokea. Mkoa huu una nyumba nyingi zilizopoteza mtu barabarani, na hakuna mchezo unaostahili kumkuta ndugu wa marehemu akisoma urefu wa alama za breki za siku ile. Makutano ni ya kubuni, magari ni ya kubuni, na wote kwenye hadithi wanashuka wazima wakigombana.

Kuhusu chombo: chumvi ya hewa inakula bawaba za chuma, kwa hiyo plastiki tupu yenye ukingo wa mpira. Daftari la ndani litiwe kwenye mfuko wa zipu pamoja na zile pakiti za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Badilisha kabla ya masika, siyo baada. Penseli, maana wino wa kalamu unatapakaa. Usiweke kwenye kuni zilizooza, mchwa watasoma daftari kabla ya wageni. Ukikaribia ufukwe, subiri siku ya bamvua uone maji yanafika wapi, kisha panda mita kadhaa juu ya mstari wa mwani.

Kwa vipimo vya mchezo huu, ugumu wa fumbo tuliuandika 4 kati ya 5, na ugumu wa kufika mahali penyewe 1.5. Kidokezo hakigusi hesabu hata kidogo. Kinasema tu "kimo cha goti, upande usioona bahari". Mwanzoni kilikuwa kinasema "usisahau nusu", na watu walikuwa wanakata kila kitu kwa mbili.